Kilo Moja ya Jaji

Lori lilikohoa mara tatu, likakata roho kwenye mteremko wa kuingilia mji ambao sikupanga kushuka. Dereva aliingia uvunguni, akatoka akifuta mikono kwenye suruali.

"Giaboksi," akasema. "Kifaa chake kinaagizwa ng'ambo ya mpaka. Siku kumi, labda kumi na mbili. Wewe tafuta pa kulala, mzee. Mimi nalala humuhumu na saruji ya watu."

Nikabeba mkoba wangu. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza na maduka ya vipuri yalikuwa bado yamefungwa. Nilitembea kando ya ukuta mrefu wa mabati ya buluu hadi harufu iliponisimamisha: nyama inachemka, pamoja na karoti na wali. Tumbo langu, ambalo tangu jana mchana lilikuwa na karanga tu, likaniongoza mpaka kwenye geti lililokuwa wazi. Ndani, chini ya paa la bati, kulikuwa na sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto, benchi moja, na mwanamke wa makamo aliyefunga kanga kiunoni, upawa mkononi. Nikakaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mama. Naomba sahani moja."

"Marahaba. Sahani ya nani?"

"Yangu mwenyewe."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Unang'ata?"

"Samahani?"

"Nauliza kama unang'ata, baba. Maana hapa wanaokula wote wanang'ata."

Nyuma ya ukuta wa matofali mbwa kumi na wanne wakabweka kwa pamoja, kana kwamba wameitwa majina. Mwanamke akaangua kicheko hadi akaegemea nguzo. Nimeomba chakula kwa lugha nyingi, na mara nyingine nimekosea maneno, lakini siku hiyo maneno yalikuwa sahihi kabisa. Nilichokosea ni mlango.

"Usione haya," akasema, akinimiminia chai. "Mwezi uliopita alikaa hapo bwana mmoja wa benki, na tai yake shingoni. Yeye alifika mpaka kuuliza kama kuna pilipili."

Ndivyo nilivyomjua Mama Mizani, mpishi wa mbwa wa kampuni ya ulinzi. Nilipata chumba ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, kila asubuhi nilijikuta kwenye benchi lile.

Jina walimpa walinzi, na alilistahili. Hakuna kilichoingia kwenye sufuria yake bila kupita juu ya mizani ndogo ya duka iliyoning'inia kwenye nguzo: nyama, mchele, boga, mchicha. Maini alipima mara mbili, kwa sababu, alisema, maini kidogo ni dawa na maini mengi ni sumu ya polepole. Dagaa aliwaloweka ili chumvi iwatoke. Maganda ya mayai aliyakausha juani, akayatwanga hadi yakawa kama unga wa kupakwa usoni, akanyunyizia kijiko. "Mifupa yao hiyo," alisema. Mfupa wenyewe haukukanyaga jiko lile ukiwa umepikwa, maana hupasuka vipande vyenye ncha. Kitunguu ndiyo kabisa. Mlinzi mmoja aliwahi kuja na kitunguu kwenye mfuko wake mwenyewe wa sokoni, akaambiwa autundike nje ya geti.

Kila mbwa alikuwa na kikombe chake kilichoandikwa kwa rangi, na hapana viwili vilivyojazwa sawa. Mbwa wa doria alipata zaidi, mbwa wa getini pungufu, jike mwenye mimba alipata mara tatu kwa siku. Na hakuna aliyekula akiwa anahema. Mbwa akitoka zamu alipewa maji, akapumzika saa nzima, ndipo bakuli likaja. Mbwa akila huku bado anatweta, tumbo linaweza kujipinda, na kufumba na kufumbua umempoteza.

Kabla ya hapo alikuwa amepikia bweni la shule kwa miaka kumi na minane. "Wanafunzi walikuwa wananiambia chakula kibaya hata kabla sijafunua sufuria," alisema. "Hawa hawajaninung'unikia hata siku moja. Ila mbwa hawezi kukwambia tumbo linamuuma. Lazima umsome." Akamwita jike mmoja, akapitisha kiganja ubavuni polepole kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. "Mbavu uzihisi, usizione. Ukiziona, umemnyima. Usipozihisi, umemharibu."

Aliyeharibiwa alikuwa Jaji.

Jaji alikuwa dume jeusi lenye mashavu yaliyolegea na macho ya kutoa hukumu. Alikuwa na pua ambayo kituo cha mpakani kilikuwa kimezisikia sifa zake, na walitaka kumchukua kwa kazi ya kunusa mizigo. Tatizo lilikuwa uzito. Mapema mwaka huo Mama Mizani alikuwa ameomba ruhusa ya miezi mitatu, bintiye alipojifungua mtoto wa kwanza. Meneja akaona mbona rahisi: hoteli ya jirani inamwaga makombo kila jioni, basi mbwa wale hayo. Wakala viazi vya kukaanga, wali wa mafuta, mchuzi wenye chumvi. Mmoja alikwamwa na mfupa, wawili wakaharisha wiki nzima.

"Jaji nilimwacha na kilo thelathini na tano," alisema Mama Mizani. "Nikarudi nikamkuta na arobaini na moja. Akipanda ngazi anasimama katikati, ananitazama kama bibi kizee anayeulizia lifti."

Daktari wa mifugo wa kituo cha mpakani alikuwa amesema wazi: Jaji akizidi kilo thelathini na sita, hamchukui, kwa kuwa mbwa mzito kwenye joto la mpakani nyonga zake hazimalizi mwaka. Na Meneja naye alikuwa amesema lake: mbwa asiyekwenda mpakani na asiyeweza doria atauzwa. Mnunuzi alishapatikana, bwana mwenye ghala anayetaka mbwa wa kufunga mnyororo getini. Mama Mizani alikuwa amelitembelea ghala hilo. Aliuona mnyororo, haukufika hata kivulini.

"Nikamwambia Meneja, niachie mimi. Nikasema mbele ya watu wote." Alikoroga sufuria. "Sasa amefika thelathini na saba, na kwa wiki mbili hashuki. Daktari anakuja baada ya siku kumi na mbili. Kilo moja, baba. Kilo moja tu imenikalia kooni."

Alikuwa ameshakagua kila kitu. Alipunguza wali, akaongeza boga na mchicha ili tumbo lijae. Alimpima Jaji kwa namna yake: anapanda yeye kwenye mizani kubwa ya magunia, anasomewa, kisha anambeba Jaji kifuani na kupanda tena. Mkwewe, mwalimu wa hesabu, siku moja alipita akamkuta hivyo, amekumbatia mbwa juu ya mizani, akageuka haraka kutazama barabara. Mtaani kwake mwalimu yule alikuwa akisema mama mkwe "yuko kampuni fulani, upande wa lishe."

"Si uongo," Mama Mizani alinieleza bila kinyongo. "Amepunguza tu mbwa."

Asubuhi ya nne nikiwa hapo, Jaji alirudi kutoka zamu na mwongozaji wake, mlinzi mrefu waliyemwita Mkimya kwa sababu wiki nzima ingeweza kupita bila mtu kumsikia. Mama Mizani aliinama kumvua Jaji mkanda wa shingoni, akasita. Akasogeza pua yake kwenye mdomo wa mbwa. Akanusa tena.

"Huyu amekunywa chai," akasema.

Mkimya akatazama buti zake.

"Ya maziwa. Na sukari." Akachomeka kidole kwenye shavu la Jaji lililolegea, akatoa kipande cha mkate kilicholowa, akakiinua juu kama wakili. "Na siagi! Mkimya, mwanangu, umenifanya nini?"

"Mama..."

"Wiki mbili! Wiki mbili napima mchicha kama dhahabu!"

"Mama, nisikilize." Nilishangaa, maana ilikuwa sauti nzuri, nzito. "Kwenye kibanda tuko wawili. Kwa saa kumi na mbili mfululizo. Nikifungua mkate wangu, ananitazama. Haombi, ananitazama tu. Sasa nile nimpe mgongo? Sisi walinzi hatuli mbele ya mwenzetu mkono wake mtupu. Hujui hilo?"

"Mwenzako ni mbwa."

"Ndiye niliye naye."

Ningekuwa mimi, ningekwenda kwa Meneja, na Mkimya angehamishiwa lindo lingine siku hiyohiyo. Nadhani hata Mama Mizani wazo hilo lilimpitia, kwa sababu aliitazama ofisi. Kisha akageukia sufuria akaikoroga kwa muda mrefu, ingawa haikuhitaji.

"Unampa mara ngapi?"

"Mara tatu. Nikila, anakula."

"Kipande kiasi gani?"

Mkimya akaonyesha nusu ya kiganja chake, na kiganja chake kilikuwa kama jembe.

"Haya," akasema Mama Mizani. "Kesho upite hapa kabla ya zamu."

Kesho yake alimkabidhi kopo la maziwa ya unga lililosuguliwa likang'aa. Ndani kulikuwa na vipande vya karoti mbichi, tango, na nyama isiyo mafuta iliyokatwa kama vidole na kukaushwa taratibu jikoni. Vyote vilikuwa vimepimwa na kutolewa kwenye kikombe cha Jaji, si nyongeza juu yake.

"Vipande kumi na viwili. Ukila mkate wako, mpe vitatu. Ukinywa chai, mpe kimoja, umwambie ndiyo chai yake. Hamtakula mmoja bila mwingine. Lakini mkate wako ukiingia tena kwenye mdomo wa huyu, utakula wewe kwenye bakuli lake."

Mkimya alicheka. Walinzi wawili waliokuwa getini waligeuka kuona ni nani anayecheka.

Siku ya tano tangu kopo lile, mizani ilisoma thelathini na sita na nusu. Siku ya saba ilisoma vilevile, na Mama Mizani hakunywa chai yake. Nilimwuliza kwa nini asimnyime Jaji chakula siku mbili hizi, amalize kazi. Alinikazia macho.

"Kumkondesha kila mtu anaweza. Mnyororo wa lile ghala nao ungemkondesha. Mimi nataka apungue akiwa ameshiba."

Daktari alifika siku iliyopangwa, mwanamke mfupi mwenye miwani na pikapu yenye vumbi. Alikuja na mizani yake, sahani pana ya chuma, akaiweka kwenye saruji. Meneja alisimama pembeni, mikono mfukoni. Walinzi wa zamu mbili walijipanga ukutani. Hata mwalimu wa hesabu alikuwapo, na bintiye Mama Mizani akiwa na mtoto mgongoni.

Jaji alipanda sahani akakaa, akatutazama wote kama tuliochelewa mahakamani.

"Thelathini na tano," akasoma daktari, "na gramu mia nane."

Ukutani pakalipuka vigelegele vya wanaume watu wazima. Daktari hakuvijali. Alipapasa mbavu, akafunua mdomo kuona fizi, akapitisha vidole kwenye manyoya kinyumenyume. Manyoya yalikuwa yanameta.

"Wengi wanaletwa kwangu wamekondeshwa kwa njaa wiki ya mwisho," akasema. "Huyu hana njaa. Nani anapika hapa?"

Meneja alikuwa ameanza kufungua mdomo, mwalimu wa hesabu akamtangulia.

"Mama mkwe wangu," akasema. Masikio yalimwiva, lakini alipandisha sauti. "Ndiye mpishi wa mbwa. Huyu hapa."

"Rudia, baba," akasema Mama Mizani, akijifuta mikono kwa kanga. "Dereva wa lori kule mteremkoni hajasikia."

Daktari akaomba kuona jiko. Alikaa saa nzima kati ya vikombe vya rangi na unga wa maganda ya mayai, akiandika. Alipotoka alimweleza Meneja kwamba anamchukua Jaji pamoja na mwongozaji wake, kwamba mpakani kuna mbwa ishirini na mmoja wanaolishwa ovyoovyo, na kwamba anamwomba mama huyu kwa miezi miwili akawafundishe wapishi wao. Meneja alisema atafikiria. Mama Mizani alisema atakapomaliza kufikiria atakuta yeye ameshafunga mizigo, na jiko analiachia binti yake, ambaye yeye mwenyewe ameanza kumfundisha tangu wiki iliyopita. Yule binti akainua upawa kuthibitisha.

Waliondoka asubuhi iliyofuata. Kifaa cha lori kilikuwa bado hakijavuka mpaka, kwa hiyo nilisaidia kupakia. Sufuria kubwa ilifungwa kamba nyuma ya pikapu. Mkimya alikaa kando yake na kopo mapajani, Jaji amemwekea kidevu begani. Mama Mizani alipanda mbele, mizani ya duka imefungwa kwa gazeti na kupakatwa kama mtoto mchanga. Mkwewe alimfungia mlango, akaukagua mara mbili.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaita, "Mama! Unahama na sufuria?"

"Nimeitwa kufundisha!" akajibu, kichwa chote nje ya dirisha. Halafu akaniona mimi. "Na wewe baba, hapo jikoni chai iko upande wa kushoto. Kushoto! Usije ukala posho ya watu."

Pikapu ikashuka mteremko, ikalipita lori letu bovu na dereva wake aliyekuwa akipiga mswaki, ikakata kona. Nyuma ya matofali, mbwa kumi na watatu walianza kubweka. Binti akatazama saa ya ukutani, akatungua kikombe cha kwanza, na kwa kuwa mizani ya nguzoni ilikuwa imesafiri, akaisogeza karibu ile kubwa ya magunia.

"Mjomba," akasema, "nishikie mtoto nipime chakula."