Ulikula Nini Nikiwa Tumboni?

Nilipopata mimba ya kwanza nilikosa usingizi, si kwa kichefuchefu, bali kwa swali. Huu unene wangu niliurithi kwa mashangazi, au niliupata kwa sababu mama alinibeba akiwa na njaa? Na huyu aliye tumboni, nitampa kipi kati ya hivyo viwili?

Swali hilo nililipata chuoni. Mhadhiri wetu wa lishe aliwahi kusema kwamba mtoto aliyekosa chakula tumboni huweza kuzaliwa na mwili uliojifunza kubana matumizi. Baadaye mwili huo ukikutana na shibe, huweka akiba ya mafuta. Akaongeza kwamba kuna pia unene wa kurithi, na kutenganisha hivyo viwili si rahisi. Kisha akaenda kunywa chai. Mimi ni kama sikutoka tena darasani.

Ushahidi wangu ulikuwa hafifu. Mashangazi zangu wa Butiama wote hupita mlangoni kiubavu. Lakini kitinda mimba wetu, aliyezaliwa maduka yakiwa yameanza kujaa tena, ni mwembamba kama mpini wa jembe, na wale ni mashangazi zake pia. Mimi ndiye niliyebebwa wakati wa ukame, unga wa njano wa msaada ukipangiwa foleni.

Sasa maduka ya Iringo, mtaani kwetu mjini, yalijaa soda na mafuta ya kula kutoka nje. Niliyapitia mbali kama mtu anayemkwepa ng'ombe mkali. Leo nilikula sana kwa hofu ya njaa, kesho nilijinyima kwa hofu ya shibe. Mume wangu, aliyefanya kazi Bunda na kurudi Jumamosi, alikuta sufuria ama imejaa ama imekauka, akaacha kuuliza.

Pale sokoni Mwigobero, kando ya ziwa, muuza samaki mmoja aliniita Bibi Afya. Kwetu mtu mnene husemwa ana afya, nami nilikuwa nimesomea lishe, kwa hiyo hakukosea popote.

"Bibi Afya, leo unamchukua sato au unamwogopa?"

"Nafikiria."

"Fikiria ukiwa umesogea, dada. Unanizibia wateja."

Nikanunua mkubwa, nikapanda basi kwenda Butiama kumwuliza mama mwenyewe.

Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamwuliza alikula nini nikiwa tumboni.

"Nilichokipata."

"Kama nini, mama?"

"Unga wa njano ukiwepo. Mlenda. Siku zingine nilikuwaga nalamba udongo wa kichuguu, nalala."

Nikauliza kama alijinyima ili wengine washibe. Ungo ukasimama.

"Umesoma miaka yote hiyo ili uje kunishtaki kwa njaa?"

"Sikushtaki, mama. Nataka kujua huu mwili umetoka wapi."

"Umetoka hapa," akasema, akijipiga tumbo. "Ulitoka mdogo kama panya, hukunisumbua hata kidogo. Na wewe kula kidogo kidogo, mtoto asije akakuua kwa ukubwa."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Njaa ambayo hakuichagua, mama alikuwa ameigeuza ushauri. Nikimtii, nitampa mwanangu kwa hiari kile ambacho mimi nilipewa kwa kukosa. Mashangazi siwezi kuwatoa kwenye damu. Kilichobaki mikononi mwangu ni sahani.

"Mama, mimi nitakula," nikasema. "Si chakula cha watu wawili, wala soda. Lakini nitashiba kila siku."

"Na ukishindwa kuzaa?"

"Kliniki wananipima. Wakiona ni mkubwa, watasema. Na nitazalia hospitali."

Akarudi kwenye ungo. "Shangazi zako watafurahi," akasema.

Nikampika sato kwa nyanya na vitunguu, mchicha pembeni. Mama akachukua mkia, kama alivyozoea, akanisogezea sehemu yote iliyobaki. Nikaikata katikati, nikamrudishia mama nusu. Akaipokea, akainama, akaanza kuchambua miiba.

Nikala yangu yote, na ugali wangu. Jioni njaa iliporudi, nikala tena.