Mjukuu Wangu Hakuwa Mtoro

Mzee aliyekuwa akimsaidia mjukuu wangu alinitaka niende mbele ya wakubwa wa jeshi nimevaa nyeusi, na kama machozi yatakuja, niyaache yatoke. Nikamjibu kwamba nguo nyeusi ninayo, lakini machozi nilishayamaliza, na hata yangekuwepo nisingeyapeleka kwa makanali. Mkalimani wetu hakutafsiri yote. Nilijua, kwa sababu mimi nilisema maneno mengi, yeye akasema machache, na yule mzee akatabasamu.

Tulikuwa mezani kwetu Adelphi, kwenye nyumba za ghorofa zilizo karibu na University Boulevard. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Huyo mzee alikuwa sajenti mstaafu, mtu mweusi wa hapahapa, aliyejitolea kuwatetea askari wa zamani. Mkalimani alikuwa binti wa Kikenya aliyefanya kazi za kompyuta kule Falls Church na kusali nasi Jumapili. Tangu siku ya kwanza aliniita shosho. Nikamwambia mimi ni bibi, sio shosho. Akasema, "Sawa, shosho."

Nianze na kilichotokea, maana jeshi lilikuwa na maelezo yake na mimi nina yangu.

Nilikuja nchi hii kulea watoto wa mwanangu wa kiume. Nikaja na mjukuu huyu, mzaliwa wa kwanza wa binti yangu, akiwa kijana anayeanza kuota ndevu. Binti yangu alibaki Upareni na watoto wadogo. Kijana akasoma hapa, akapata karatasi za kukaa, na alipomaliza sekondari akaingia jeshini. Mimi sikupenda. Lakini huko alifundishwa kutibu majeruhi, na kila alipokuja likizo viatu vyake viling'aa kuliko sahani zangu.

Siku moja mdogo wangu akapiga simu kutoka dukani kwake, Same. Akanisalimu, akauliza baridi ya huku, akauliza watoto mmoja mmoja. Halafu akasema, "Dada, mama wa kijana ni mgonjwa kidogo. Mwambie aje."

Nikakaa chini. Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Mtu hapigiwi simu akiwa peke yake nchi ya watu akaambiwa mama yako amekufa, akabaki ameshika mkonga wa simu ukutani. Anaambiwa ni mgonjwa, aje. Njiani moyo unaanza kujiandaa wenyewe, na akifika anakuta watu wamejaa uani, yuko wa kumshika mkono na wa kumpa maji. Binti yangu alikuwa mochwari tangu juzi.

Nikampigia kijana kambini. Nikamwambia mama yako ni mgonjwa kidogo, nenda. Naye ni wa kwetu, akaelewa. Halafu akauliza, "Na wewe, Bibi?"

Mimi nisingeweza. Karatasi zangu za kukaa zilikuwa bado ofisini, ningetoka nisingerudi. Nikamwambia, "Utatupa udongo wako. Halafu utatupa na wangu."

Akaenda kwa kapteni wake, akasema mama yake amefariki, anaomba ruhusa. Jeshi halitoi ruhusa ya msiba kwa maneno matupu. Kuna watu wa misaada ambao kazi yao ni kuiuliza familia, na hao wakapiga simu dukani Same. Mdogo wangu akasikia sauti ya Mzungu ikiuliza kama mama wa askari fulani amekufa. Aliniambia baadaye alivyofikiri: huyu mtu akikata simu tu atakwenda kumwambia kijana, na kijana ana bunduki mkononi na hana ndugu karibu. Akamjibu kwa Kiingereza cha shule ya misheni kwamba hapana, ni mgonjwa kidogo tu, lakini tafadhali aje.

Wakaandika hivyo. Kapteni akasoma, akamwambia kijana kwamba amesema uongo, na ruhusa hakuna. Kijana akatoka getini na begi dogo, akapanda ndege.

Upareni walikuwa wanamngoja. Mzaliwa wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na akiwa njiani jeneza linamsubiri. Akatupa wake, akatupa wangu. Akakaa mpaka arobaini, hadi ilipojulikana nani kati ya wadogo zake anakwenda kwa mjomba yupi. Kisha akarudi mwenyewe kambini. Hakuna aliyemkamata. Wakampa achague: mahakama ya jeshi, au atie saini aondoke. Akatia saini, akapewa karatasi inayosema ameachishwa jeshi pasipo heshima, kwa utoro.

Karatasi hiyo ikamfuata kila mahali. Alitaka kazi kwenye magari ya wagonjwa ya kaunti, na ujuzi alikuwa nao. Wakaitazama karatasi, wakamwambia asante. Mwaka mwingine akarudi, wakamwambia asante. Mtu aliyefundishwa kuzuia damu akawa anaegesha magari ya wenye ofisi kwenye gereji ya chini ya ardhi, mjini. Sasa kaunti ilikuwa inachukua watu tena, na bodi ya jeshi inayopitia karatasi za namna hii ilikuwa imekubali kumsikiliza. Bodi ikikataa, atabaki chini ya ardhi.

Ndiyo maana tulikuwa mezani na yule mzee.

"Watamuuliza swali moja," alisema. "Ikitokea tena, ataondoka tena? Jibu ni hapana. Aseme alikuwa mdogo, alikosea, anajuta."

"Anajuta nini?" nikauliza.

"Kuondoka bila ruhusa."

"Alikwenda kuzika."

"Mama, najua."

"Sasa ajute kuzika?"

"Shosho," binti akaingilia, "anasema ni maneno tu. Unawapea kitu wanataka kusikia, wanakupea karatasi. Hivyo ndio mambo huenda hapa."

"Mwambie waongo hata Upareni wapo. Sikuhitaji kupanda ndege ili niwaone."

"Hiyo siwezi ku-translate."

"Kwa nini?"

"Ni mzee wa watu, shosho! Na anatusaidia bure."

Mjukuu wangu alikuwa anakwangua doa mezani kwa kucha. "Bibi, please," akasema. "Naitaka hii kazi."

Hapo nikakubali. Nikasema nitavaa nyeusi, na nikiulizwa nitajibu nilichoulizwa.

Siku yenyewe binti alitupakia kwenye gari lake. Beltway, barabara ile kubwa inayouzunguka mji, ilikuwa imeshona magari, na yeye anaendesha huku anamsemesha kila dereva kwa Kikikuyu kama vile wanamsikia. Jengo lilikuwa upande wa Virginia, karibu na uwanja wa ndege, na kila baada ya muda ndege ilipita dirishani, maongezi yakasimama. Mbele yetu walikaa watano wenye tai na majani mabegani, alama za vyeo vyao. Wa katikati alikuwa kanali mwenye mvi. Pembeni yake alikaa mwanamke, meja, mwenye faili mbele yake na kalamu iliyokuwa haipumziki.

Walimuuliza mjukuu wangu mambo ya kambi kwa muda mrefu, naye akawajibu amenyooka kama fito. Nilielewa nusu. Halafu wakaniita mimi, binti akaja kukaa kando yangu.

Meja akainua karatasi mbili. "Hiki ni cheti cha kifo cha mama yake. Na hii ni taarifa ya simu iliyopigwa siku mbili baada ya tarehe ya kifo. Ndugu yako anasema ni mgonjwa kidogo. Zote mbili haziwezi kuwa kweli. Ya uongo ni ipi?"

Kumbe ndilo lililokuwa linamtafuna. Alidhani cheti tumekinunua sokoni.

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi: habari ya kifo haipelekwi kwa simu, mtu huitwa kwa mgonjwa. Binti akatafsiri, na safari hii nilihesabu, maneno yake yalikuwa mengi kama yangu.

"Kwa hiyo ndugu yako alilidanganya jeshi," meja akasema.

"Yeye hakuona jeshi. Alisikia sauti ya mtu asiyemjua."

"Lakini aliulizwa swali la wazi, akajibu uongo."

Nilikuwa nimeahidi kujibu nilichoulizwa tu. Ahadi hiyo niliivunja hapohapo.

"Na mimi nikuulize, mama. Askari wako akifa vitani, mama yake mnampigia simu?"

Binti akanigeukia. "Shosho, wao ndio wanauliza."

"Tafsiri."

Akatafsiri kwa sauti ndogo. Nikaendelea mwenyewe, maana jibu nilikuwa nalijua. Kijana alipotaka kuingia jeshini nilimwuliza, ukifa nitajuaje? Akaniambia, Bibi, hawatakupigia simu. Watakuja wawili, wamevaa vizuri, wagonge mlango, wakuombe ukae kwanza. Wanakuja hata kama ni mbali, hata kama ni theluji.

"Basi sisi wa kugonga mlango hatukuwepo," nikasema. "Mlango wa kijana ulikuwa kambini kwenu. Mdogo wangu yuko Same, mimi niko Adelphi. Tungemtuma nani? Tulichoweza ni kumwita aje kwenye watu. Mkisema huo ni uongo, haya. Lakini adhabu mpeni aliyesema, yuko dukani kwake, anajulikana. Huyu hapa aliwaambia ukweli tangu mwanzo. Alisema mama yangu amekufa. Ni ninyi mliokataa."

Binti alitafsiri mpaka mwisho. Muda wote mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu.

Kanali akakuna shavu. Akauliza, na nadhani alitaka kujua kwelikweli, "Sasa mtu akiwa mgonjwa kidogo, kidogo hasa, huwa mnasemaje?"

"Hatusemi. Nani atapiga simu ya ng'ambo kwa ajili ya mafua?"

Mmoja wa wale wa pembeni alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Meja aliandika kitu, akapiga mstari chini yake.

Nikadhani yamekwisha. Kanali akamgeukia mjukuu wangu na swali lile tulilongoja. Hilo halikuhitaji mkalimani. Ikitokea tena, leo, utaondoka tena?

Yule mzee wetu alikaa na kalamu yake katikati ya vidole viwili. Mjukuu wangu alitazama meza yao, akanitazama mimi. Mimi nikatazama dirisha. Wallahi sikumfanyia ishara, ingawa mimi ni Mlutheri na sina ruhusa ya kusema wallahi. Kazi ilikuwa yake, na gereji ilikuwa yake.

"Yes, sir," akasema.

Kalamu ya mzee ikaanguka.

"Ningegonga milango mingi zaidi kwanza," akaendelea, binti akininong'oneza. "Ya mkubwa wa kapteni, ya kasisi wa kambi. Ningekaa mlangoni mpaka mtu anisikie. Hilo sikulifanya, na hilo ni kosa langu. Lakini kama milango yote ingefungwa, ningekwenda, bwana. Nikirudi mngenifanya mnavyotaka, kama mlivyonifanya."

Wakatuambia jibu litakuja kwa posta.

Nje, penye maegesho, yule mzee aliwasha sigara, akanielekezea kidole. "Wewe ndiye uliyemfundisha kusema vile?"

"Mwambie mimi niliambiwa nivae nyeusi tu."

Hiyo binti aliitafsiri. Mzee alicheka mpaka moshi ukampalia, halafu akatikisa kichwa na kusema kwamba ama tumemwokoa kijana ama tumemzika, na yeye hajui ni lipi.

Majibu yalikuja kukiwa na joto lile la huku linalokufanya uoge mara mbili na bado unate. Binti akaja kutoka kazini kusoma. Bodi ilikuwa imegawanyika, na upande ulioshinda ulishinda kwa kura moja. Waliondoa lile neno la pasipo heshima. Sasa karatasi itasema ameachishwa kwa njia ya kawaida, chini ya masharti ya heshima. Heshima yenyewe, ile kamili, walikataa kwa sababu kuondoka aliondoka. Na neno utoro litabaki palepale kwenye sababu.

Watoto wa mwanangu walipiga kelele za "He got it! He got it!" Mjukuu wangu alikaa kwenye ngazi, kichwa kati ya magoti. Kwa kaunti hiyo ilitosha. Kabla majani ya miti hayajaanguka yote alikuwa anarudi nyumbani na sare ya bluu, ananuka dawa, anakula amesimama.

Mimi nilifurahi. Nilipika. Lakini sikuomba kitu cha njia ya kawaida, na kufiwa na mama si jambo la njia ya kawaida. Nikamwuliza binti kama juu ya bodi hiyo kuna bodi nyingine.

"Iko," akasema. "Lakini shosho, ashapata job. Wacha hawa watu."

"Bibi, inatosha," mjukuu wangu akasema.

"Kazi ni yako, na imekutosha. Hilo neno utoro wameliandika juu ya kaburi la mwanangu. Nalo silitaki."

Mjukuu wangu aliinuka. Akaenda kuvua viatu.

Binti akaja Jumamosi na fomu ya ile bodi ya juu, akaiweka palepale mezani, akaanza kunisomea. Jina tukajaza. Tarehe tukajaza. Akafika katikati, akasimama.

"Hapa wanauliza kosa lilikuwa gani."

"Lao au letu?"

Akasoma tena. "Haijasema."

"Basi andika lao."

Akaandika, ukurasa ukajaa, akaomba karatasi nyingine. Mjukuu wangu alitoka chumbani na soksi tu, akasimama nyuma ya kiti cha binti, akasoma yote kwa Kiingereza, taratibu, midomo ikichezacheza. Alipofika chini alivuta kiti, akauliza kalamu ya kutia saini iko wapi.