Baba Akapanga Gia ya Tatu

Enzi zetu gari lilikuwa haliondoki mpaka likubaliane na dereva. Nyinyi wenzangu mlio na mvi mnanielewa. Ulikanyaga klachi, ukatoa gia, ukaachia, ukaisikiliza injini inataka nini, ukakanyaga tena, ndipo ukasukuma gia nyingine. Ukikosea, meno yalisagana kule chini hadi akina mama waliokuwa shambani wakainua vichwa kuangalia ni nani huyo. Siku hizi kijana anaingia ndani, anavuta kifimbo mpaka kwenye herufi, halafu mguu wake wa kushoto unaenda likizo. Mjukuu wangu mmoja, dereva hodari wa otomatiki, alipewa pikapu ya zamani ailete nyumbani kutoka soko la Kimilili. Ikamzimikia, akaiwasha, ikamzimikia tena, mbele ya wauza ndizi waliocheka mpaka wakashika mbavu. Alifika kwa miguu. "Kukhu," akaniambia, maana hivyo ndivyo wajukuu wanavyotuita sisi bibi zao wa huku Bungoma, "hiyo gari iko na pedali tatu na mimi niko na miguu mbili."

Nilicheka na mimi, sikatai. Kisha nikaingia ndani nikakaa peke yangu, maana habari za klachi kwangu haziishii kwenye kicheko.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, miaka ya hamsini, boma letu lilikuwa juu ya kilima kando ya barabara itokayo Bungoma kwenda Kitale, kabla hujafika Kimilili. Barabara yenyewe ilikuwa ya murram, nyekundu. Kiangazi vumbi lililala juu ya majani ya migomba mpaka tukaandika majina yetu kwa vidole, na mvua zikija ikawa tope la kung'ang'ania kiatu, kama ulikuwa nacho. Magari yalikuwa machache na tuliyajua yote: la misheni, la mzungu mmoja wa mashamba ya Kitale aliyewapigia honi hata kuku, basi, na lori la Mhindi mwenye duka kule Bungoma. Dereva wa lori hilo alikuwa baba yangu. Msione najisifu bure, lakini siku hizo mtoto wa dereva alisalimiwa kwanza.

Sisi watoto tulikuwa na mchezo wetu. Baada ya shule tuliketi ukingoni mwa barabara na mapera mapajani, tukafumba macho, na gari likianza kupanda tukabishana liko gia ya ngapi. Aliyeshindwa alimbebea mwenzake mtungi wa maji kutoka mtoni. Ndugu yangu Wafula, aliyenifuata kuzaliwa, hakuwahi kubeba mtungi wa mtu. Meno ya mbele hakuwa nayo, lakini alitangaza gia kwa sauti kubwa kama karani wa mnada, na hakukosea. Dereva aliyesagisha gia kilimani tulisema anasaga wimbi, na jina hilo likamfuata mpaka Sirisia.

Baba hakusaga wimbi. Alikuwa na mkono wake, na kila mtu kilimani aliujua. Akitoka gia moja kwenda nyingine alipumzika kidogo frii, pale katikati, kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema. Akipangua kwenda gia ya chini, injini ilinguruma mara moja kwa mguu wake, halafu gia ikaingia kimya. Madereva wengine hawakuwa na subira hiyo. Hata bibi kizee wa jirani ambaye macho yalikuwa yamekwisha aliweza kukuambia, akiwa amekaa jikoni kwake, kwamba huyo sasa ni baba yake Naliaka. Naliaka ni mimi.

Alikuja Jumamosi alasiri. Wiki nzima alikuwa kwenye chumvi, sukari na blanketi za tajiri wake, lakini Jumamosi alitoka Bungoma na lori, akalala kwetu, Jumapili tukaenda naye kanisani, na Jumatatu alfajiri akaendelea Kitale kubeba mahindi. Njia ya Jumamosi tuliijua kwa masikio. Pale chini kwenye kijito alipangua akaingia gia ya pili, akapanda nayo kilima kizima. Akifika juu, mbele ya kinjia cha kwetu, alipangua tena ya kwanza, lori likaguna, likasimama, halafu kukawa kimya kwa sababu amezima injini. Mama alikuwa na hesabu yake. Alasiri hiyo tukipiga kelele uani alitutuliza kwa neno moja lilelile: "Nyamazeni nimsikie mtu wangu." Akisikia gia ya pili kule kijitoni aliteleka sufuria motoni. Baba alipoinama kuingia mlangoni, ananuka mafuta ya gari na vumbi la magunia, chai ya maziwa ilikuwa inapanda. Mama hakuwahi kuchelewa wala kuwahi, na ninaamini hiyo ndiyo ilikuwa namna yao ya kupendana, kwa sababu nyingine sikuiona.

Jumapili lori lilikaa pale mbele ya kinjia chetu mchana kutwa na watoto wa kilima kizima wakaja kulitazama. Baba alimpakata Wafula kwenye usukani, akamwekea mkono juu ya kirungu cha gia, kirungu cheusi kilichokuwa kimeng'aa kwa kiganja chake, akafunika mkono huo kwa wake, wakapanga na kupangua gari likiwa limezimwa. Mimi msichana sikupakatwa. Niliegemea mlango nikaangalia, na hata hivyo nilikuwa na raha.

Sasa hiyo Jumamosi ninayotaka kuwaambia ilikuwa wakati wa mavuno. Uani kulikuwa na mahindi yameanikwa, na mimi nilikuwa naosha vikombe. Tukasikia gia ya pili kule kijitoni. Mama akateleka sufuria. Lori likapanda, likapanda, likafika juu, mbele ya kinjia chetu. Tukamsikia Baba anatoa gia. Tukamsikia anapumzika frii, ule mpumziko wake. Tukangoja mngurumo wa kushuka ya kwanza. Haukuja. Sauti ya injini ilishuka, ikawa nzito, na gia ikaingia kimya, bila kosa.

"Ya tatu," akasema Wafula.

Alisema kwa mazoea, maskini, kama tuko kwenye mchezo. Lori likachukua mwendo, likaenda zake Kitale. Mama aliendelea kuangalia moto. Baadaye akasema huenda mzigo una haraka, na chai tukainywa sisi.

Jumamosi iliyofuata ikawa ya tatu, na iliyofuata vilevile. Halafu habari ikatufikia kupitia mume wa Mama Simiyu, jirani yetu, aliyekuwa amekwenda Kitale kuuza ng'ombe. Baba alikuwa na nyumba kule. Alikuwa anakaa na mwanamke aliyepika chai karibu na stesheni ya gari moshi, na lori sasa lililala uani kwa huyo. Hakuna aliyetuita sisi watoto kutuambia. Tuliliokota neno moja huku, lingine kule, mpaka yakatosha.

Ubaya ni kwamba kilima kizima kilikuwa na masikio. Mume wa mtu mwingine akihama, watu wanaweza kuambiwa uongo, ati yuko kazini, ati anaumwa. Sisi hatukuwa na uongo wa kusema. Kila Jumamosi alasiri kila jikoni ilisikia Baba akipanda na gia ya pili, na kila jikoni ilisikia akipanga ya tatu mbele ya mlango wetu. Watoto wenzetu waliacha ule mchezo. Tukifika ukingoni mwa barabara mtu anasema twende tukaogelee.

Mama Simiyu alikuwa mwanamke mnene, mwenye mdomo, na mimi kabla ya hapo nilimwogopa. Akaanza kuja kwetu Jumamosi na mtama wake kichwani, eti kinu chake kimepasuka. Kinu chake hakikuwa na ufa, nilikiona kwa macho yangu. Alisimama uani kwetu akapiga hadithi za kanisani, na masikio yake yakishaliwahi lori kule kijitoni, akaushika mchi. Alitwanga huyo mama! Alitwanga mpaka jasho likamtiririka shingoni na kuku wakakimbia, na hakupumua mpaka lori limeshapita kabisa. Mama alikaa karibu naye anapepeta. Siku moja lilipokwisha kupita, Mama Simiyu akaegemea mchi wake akasema, "Hiyo rori iharibikie mbali huko." Mama hakucheka.

"Angehama ningelia mara moja nikamaliza," akasema. "Huyu ananiacha kila Jumamosi."

Sikuwahi kumsikia akilizungumzia tena.

Kisha mvua ndefu zikaja, na Jumamosi moja Mama Simiyu hakuwepo kwa sababu ya matanga ya upande wa kwao. Lori likapanda. Likafika juu. Baba akatoa gia, akapumzika, na injini ikanguruma. Ya kwanza. Nawaambia, nilisimama na kikapu mkononi mahindi yakamwagika yote. Lori likaguna, likasimama. Wafula alikuwa ameshafika barabarani kabla sijaita jina lake. Mama alikuwa ameinuka, ameteleka sufuria, na mkono mwingine unajifunga kitambaa vizuri kichwani. Nilimwona uso wake na sitausahau. Alikuwa msichana tena.

Nilikimbia nikamkuta Baba ameketi juu kwenye kiti chake, ameshusha dirisha. Alitupatia furushi la sukari na mkate uliofungwa kwenye gazeti. Aliuliza shule inaendaje. Alimwambia Wafula amekuwa mrefu. Akaniuliza, "Mama yenu hajambo?" Nikasema hajambo, yuko, anachemsha maji. Akatazama kinjia chetu kwa muda. Injini ilikuwa inatetemeka wakati huo wote, kirungu cha gia kinacheza chenyewe, na mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kujua kwamba mtu aliyefika kwake huizima.

Akasema basi, tusome kwa bidii. Akaondoka na ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tuliporudi jikoni Mama alikuwa ameshaepua sufuria na kumwaga maji uani. Alikuwa amesikia kama sisi, injini isiyozimwa. Aliukata mkate vipande viwili vikubwa akatupatia, yeye hakula.

Baada ya mavuno mengine lori likaja na mkono mwingine. Kule kijitoni gia zilisagana mpaka mbwa wakabweka, na kilima chote kikajua kwamba Baba ameacha kazi ya yule tajiri. Tulisikia amepata lori jingine, upande wa Eldoret, na njia zake hazikupita tena kwetu. Mtu angedhani Mama angepumzika. Lakini Jumamosi nyingi baada ya hapo nilimwona akiacha kazi yake katikati, ameinua kichwa, anasikiliza barabara. Alikuwa amezoea hata kupitwa. Sisi wawili tulikua, Wafula akaenda kufanya kazi Nakuru, mimi nikaolewa, na Mama akabaki juu ya kilima na masikio yake mpaka alipofariki.

Niliolewa si mbali, barabara ileile, mbele ya Kimilili ukielekea Kitale. Sasa ni lami. Mzee wangu ametangulia, na nyumba imekuwa kubwa kuliko mimi. Magari yanapita mbele ya lango langu asubuhi hadi jioni, hayahesabiki, na yote yana sauti moja. Yanateleza tu. Mnajua nimejaribu? Nimekaa kwenye veranda nikafumba macho kama zamani, nikataka kujua huyu ni nani na yuko gia ya ngapi. Sikuambulia kitu. Vijana wanasema hiyo ndiyo raha ya otomatiki, haina kelele, haina taabu, na kwa magoti yao wanasema kweli.

Mwanangu Wekesa anafanya kazi Bungoma. Aliponunua gari lake, otomatiki la kijivu, alikuwa anakuja Jumapili. Kisha zikawa sikukuu tu. Mwezi uliopita binti anayechoma mahindi kando ya barabara, hapo chini kidogo ya lango langu, alinisalimia akaniuliza kama Wekesa aliniachia nauli ya hospitali niliyokuwa naisemea kanisani. Nikamuuliza Wekesa gani. Akasema si huyo wako, alimwona Alhamisi asubuhi anapita kwenda Kitale, na jioni akarudi. Kisha akaona uso wangu, akageuza mahindi yake.

Alhamisi nilikuwa nyumbani kutwa. Nilikuwa pale verandani nachambua maharagwe.

Nilimpigia simu. Sikumgombeza, Mungu ni shahidi. Tuliongea habari za watoto, na homa, na bei ya mbolea. Mwisho nikamuuliza kitu kimoja. "Hiyo Alhamisi, ulipofika hapa kwangu, ulipunguza mwendo?"

Akajibu, "Sikumbuki, Mama. Kwani kulikuwa na nini?"

Nikamwambia hakukuwa na kitu. Nilimwamini kabisa, na hapo ndipo nilipolia. Baba yangu, ili atupite, ilibidi akanyage klachi mbele ya kinjia chetu, atoe gia, angoje pale frii, akanyage tena, halafu aisukume ya tatu kwa mkono wake mwenyewe, na wiki iliyofuata afanye hivyo tena. Mwanangu hakuhitaji kufanya lolote. Gari lilijipangia gia lenyewe, likapita.