Hamoki Nyepesi ya Omolo

Mimi naitwa Nthenya, nauza mandazi hapa mtaani Gatwekera, Nairobi, na ukuta wangu ndio ukuta wa Omolo. Akipiga chafya, mimi ndiye wa kwanza kusema pole. Kwa hivyo hii stori usiambiwe na mtu mwingine.

Omolo anafanya kazi Kawangware kwa yadi ya Mbithi, bwana anayepeleka watu kupanda milima. Kazi ni kuosha mizigo ikirudi na matope. Huko ndiko alikoambukizwa ugonjwa wa uzito. Wateja wa Mbithi, haki ya Mungu, hukata mpini wa mswaki ndiyo mzigo upungue! Sisi hapa tunabeba mitungi ya maji kila siku na hakuna anayetupiga picha. Ubishi wao mkubwa ni kama mtu alale kwa tenti ama kwa hamoki, ile kitambaa ya kufungwa kati ya miti miwili ukalala ukining'inia.

Jioni Omolo anatuhubiria. "Hamoki ni nusu kilo, Nthenya. Tenti ni kilo mbili na nusu." Kesho anageuka: "Lakini ukiongeza kamba, neti na turubai la mvua, tofauti inabaki pakiti ya unga ya kilo moja tu."

"Na huo unga uko wapi?" mkewe Risper anamuuliza.

Mwezi wa nne daktari wa macho akamwita mamake Risper aje Nairobi kutoka Homa Bay. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Mjukuu wake, Hope, alimjua kwa kumpapasa tu. Sasa, kwa Wajaluo, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake, na nyumba ya Omolo ni chumba kimoja. Mama alishasema kwa simu: akikuta aibu, anarudi nyumbani na giza lake. Na huyo mama hatanii.

Kwangu Omolo hangelala. Mimi ni mjane, na Gatwekera ina midomo. Na mama kulala kwa jirani ilhali binti yake ana nyumba, hiyo nayo ni aibu.

"Nitalala nje," akasema.

Mbithi akamwambia achague kitu kimoja kati ya vile vizeevizee, tenti ama hamoki. Jamaa akainua huku, akainua kule, kama mtu ananunua kuku. Kwa vile hurudi kwa miguu, akachukua hamoki. Turubai la mvua akaliacha, ati uzito!

Nikamuuliza, "Omolo, na miti?"

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Miti ya hapa ilishapika chai zamani.

"Nguzo pia ni mti," akasema.

Akafunga kamba moja kwa nguzo ya kona yake, nyingine kwa nguzo yangu. Bila kuniuliza! Mama alikuwa ameshafika, ameketi kwangu na chai, Hope mapajani, mgongo kwa mkwe kama heshima inavyotaka. Omolo akapanda pole pole, akainua miguu, akatabasamu.

Nguzo yake ikalia kwaa! Paa la nyumba yake lote likashuka, udongo ukafuata, na Omolo akaketi matopeni amefungwa kwa hamoki kama sambusa.

Nilicheka, sikatai, mpaka mandazi zikaungua. Halafu nikaona Risper analia, na mama ameshika mkoba wake. Kicheko kikaniishia.

"Lakini nilipima kila kitu," Omolo akasema.

"Wewe mwenyewe ulijipima?" nikamuuliza. "Mwanaume mzima kwa nguzo yangu!"

Mama hakugeuka. Kwa adabu yao, mkwe anaongeleshwa kupitia kwa binti.

"Risper, ni nini kimeanguka?"

"Paa, mama."

"Lote?"

"Lote."

Akapapasa kichwa cha Hope. "Muulize baba Hope, mwiko wetu ni wa nini?"

"Ni wa paa moja," Omolo akajibu kutoka matopeni.

"Sasa muulize, paa liko wapi?"

Mama akaweka mkoba chini. "Mwambie alale kwake. Mimi nimekuja kumwona huyu mtoto, siendi bila kumwona."

Mawingu yalikuwa yamejaa, kwa hivyo Omolo akakimbia Kawangware kuchukua ile tenti nzito. Akarudi nayo begani akihema, tukaitandaza juu ya kuta. Mama akaigusa, akasema hiyo ni nguo tu, si paa.

Daktari akamfanyia upasuaji, macho yakafunguka. Mama alimtazama Hope mpaka chai ikapoa, akasema pua ni ya babake, pole sana mtoto.

Mwenye nyumba alileta mabati mapya kitambo. Yameegemea ukuta wangu, yananizibia wateja. Kila asubuhi namuuliza Omolo atayapandisha lini, na kila asubuhi ananinong'oneza, "Ngoja kwanza, Nthenya. Mama bado anamwangalia mtoto."