Mdogo Wangu, Madam

Mdogo wangu alitangulia kuwa mwalimu, na hilo ndilo lililoniuma. Tulipokuwa watoto kule kisiwani, Nansio, mimi ndiye niliyekuwa nikichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, yeye na watoto wa jirani wamekaa chini wakiitikia ninachosema. Yeye alikuwa mwanafunzi mtoro. Akichoka aliinuka katikati ya somo, akaenda zake ziwani kuoga. Baadaye maisha yakatugawa kinyume. Mimi nilifaulu hesabu, nikaambiwa nisome biashara, nikaajiriwa benki mjini Mwanza. Yeye alipangiwa ualimu, akaenda huko akinung'unika, na akatoka akiwa Madam wa Kiswahili.

Nyumbani aliyesifiwa ni mimi. Mama aliwaambia majirani, "Mkubwa yuko benki," akanyamaza kidogo ili liwaingie. Kuhusu mdogo wangu alisema, "Na huyu mwingine anafundisha," kisha akaendelea na habari za mihogo. Kwa hiyo ningemwambia nani kwamba mwenye wivu ni mimi?

Wivu huo ulikomaa siku moja tukiwa kwenye kivuko, tunakwenda kumwona mama. Tulikuwa tumesimama nje, kila mtu na mzigo wake, kijana mmoja mfanyakazi wa pale akatupita, mara akageuka.

"Madam! Shikamoo madam!"

"Marahaba. Ni wewe? Umekuwa mtu mzima hivi?"

"Madam, unakumbuka ulivyonikataza kuanza barua ya kuomba kazi na 'hapo zamani za kale'?" Alicheka mpaka akashika kichwa. "Hii kazi nimeipata kwa barua niliyoandika mwenyewe."

Aliuchukua mzigo wa mdogo wangu, akamtafutia kiti ndani, akamletea maji. Mdogo wangu akanitambulisha: "Huyu ni dada yangu, yuko benki."

"Ooh. Shikamoo," akasema kijana, na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa ameshamgeukia madam wake. Nilikaa karibu nao njia nzima, mfuko wangu mapajani, nikisikiliza habari za darasa ambalo sikuwahi kuliona. Mdogo wangu aling'aa. Nilimtazama nikajisemea moyoni: kiti kile kilikuwa changu.

Benki nako nilihudumia watu wengi. Nilikuwa mpole, nilikuwa mwepesi, na wateja walinipenda nikiwa nyuma ya kioo. Lakini mara nyingi nilipishana sokoni na mtu niliyemhudumia jana yake, akanipita kama nguzo ya umeme.

Haukupita muda nikajiandikisha kusomea stashahada ya uzamili ya ualimu, masomo ya jioni na Jumamosi. Nilisoma saikolojia ya watoto wakati wa chakula cha mchana, kwenye kijichumba chetu cha chai, wenzangu wakinicheka. "Watu wanaukimbia ualimu kuja huku, wewe unakimbilia huko?" Nilipomwomba meneja ruhusa ya kwenda fildi, yaani mazoezi ya kufundisha, alinitazama kwa huruma. "Nikupe ruhusa ukashike chaki? Chukua likizo yako ya mwaka, basi. Ikiisha uwe hapa." Nikaichukua. Wengine huenda kupumzika kwao. Mimi nilinunua viatu vya chini na sketi ndefu.

Shule iliyokubali kunipokea haraka ilikuwa upande wa Mkolani, kwa sababu haikuwa na mwalimu wa somo la biashara. Ilikuwa shule ya mdogo wangu. Nilijua hilo, nikajipa moyo kwamba shule ni kubwa. Mkuu wa shule alinikaribisha vizuri, kisha akasema, "Mwalimu wa taaluma ndiye atakayekusimamia. Nasikia ni dada yako."

"Ni mdogo wangu," nikasema.

"Hapa ni mkubwa," akajibu, akacheka.

Mdogo wangu hakucheka. Alinipa chaki na ratiba, akaniambia kwa adabu kabisa, "Andalio la somo uniletee asubuhi, dada, kabla ya kengele." Mimi niliyemfundisha kufunga vifungo vya shati!

Nilipangiwa kidato cha kwanza, darasa la wanafunzi zaidi ya themanini, wengine watatu watatu kwenye dawati. Nilianza kwa Kiingereza, kama somo linavyotaka, wakanitazama kwa macho makavu. Waliokaa mbele walinyoosha mikono, nikawajibu. Waliokaa nyuma wakaanza kuzungumza, kisha kucheka, kisha mtu akaiga sauti yangu. Niliomba utulivu kwa ile sauti ya kaunta, "Samahani, naomba mnisikilize," na darasa zima likaangua kicheko. Nyuma nikasikia, "Madam wa fildi huyo, mpole huyo."

Mara kimya. Niligeuka. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno, hakukunja uso. Alisimama tu, na watoto wote wakakaa wima. Nilimchukia kwa ule wepesi wake.

Baada ya kipindi alinikuta ofisi ya walimu nikijifuta chaki.

"Dada, nikwambie ukweli?"

"Wewe ndiye msimamizi."

"Unafundisha kama uko kaunta. Anayekuja mbele unamhudumia, waliobaki unawaacha kwenye foleni. Darasa halina foleni, dada. Wote wameshafika dirishani."

Laiti angekuwa amekosea! Nilitaka kumjibu kwa kitu cha kuumiza, na nilichopata mdomoni kilikuwa ukweli wangu mwenyewe. "Nakuonea wivu," nikasema. "Tangu siku ile ya kivuko. Tangu zamani, kwa kweli."

Alinitazama kama nimemtania. Alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Mimi? Kila Krismasi mama anakupa wewe kiti cha sebuleni, mimi nachoma samaki nje. Hakuna mtu amewahi kunionea wivu, dada." Alikaa. Aliokota kipande cha chaki, akakirudisha mezani. "Basi endelea kunionea wivu. Usiache mapema."

Kesho yake sikusimama ubaoni. Niliingia katikati ya madawati, nikatembea mpaka nyuma kabisa, nikauliza kwa Kiswahili, "Nani nyumbani kwao wanauza kitu?" Mikono mingi ikapanda. Vitumbua, mkaa, nyanya, kuku. Msichana mmoja pembeni, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, aliinuka polepole.

"Mwalimu, mama yangu ananunua dagaa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia. Ameshalipa, ameomba waanikwe palepale, mvua ikanyesha. Hasara ni ya nani, ya mama au ya aliyemuuzia?"

Nilifungua mdomo kumjibu, nikaufunga. Nikaligeukia darasa. "Hasara ni ya nani?"

Walilipuka. Mmoja akasema ni ya mama, maana ameshalipa. Mwingine akasema dagaa bado wako mikononi mwa muuzaji. Yule aliyeniiga sauti akasimama juu ya benchi kumtetea muuzaji, kumbe baba yake ni mvuvi. Tulitoka hapo tukaingia kwenye mauziano, umiliki na bima, maneno yaleyale ya Kiingereza yaliyokufa jana yake, na sasa walikuwa wanayagombania. Kengele ilipolia hawakutoka. Mimi pia sikutaka watoke.

Likizo iliisha nikarudi benki, nikavaa tena skafu ya kazini. Kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia niliishi hivyo, mchana kaunta, jioni vitabu, nikimpigia mdogo wangu kumuuliza wale watoto wanaendeleaje. Alinijibu kwa kifupi. Siku moja alisema, "Yule wa dagaa amekuulizia tena. Mimi nimemfundisha mwaka mzima, hajawahi kuniuliza swali." Nilitabasamu peke yangu.

Nilipomaliza stashahada sikupata ajira ya serikali. Nilipata nafasi kwenye shule binafsi karibu na Usagara, mshahara mdogo kuliko wa benki. Meneja aliipokea barua yangu ya kuacha kazi, akaisoma mara mbili. "Una uhakika?" Nikamwambia ninao. Mama alilia kwenye simu, akaniuliza kama nimefukuzwa.

Niliporipoti, nilimpigia mdogo wangu jioni ileile kumweleza: maktaba, madirisha yenye vioo, wanafunzi thelathini darasani.

"Thelathini?" akauliza.

"Thelathini."

Nilisikia nyuma yake sauti za watoto wake na sufuria. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa na kitu nilichokitambua mara moja, kwa sababu nilikuwa nimeishi nacho miaka mingi.

"Dada," akasema, "hapo hawahitaji mwalimu wa Kiswahili?"

Nikamwambia nitauliza. Hadi leo sijauliza.