Kinyozi Katika Chumba cha Nyuma

Kinyozi alikuwa na maneno mengi kuliko nywele alizonyoa maishani. Ukikaa kwenye kiti chake, ulitoka na kichwa cheupe na habari za mtaa mzima. Saratani ilipomlaza, na madaktari wakasema haponi, hakuomba miujiza. Alimwita bintiye, aliyekuwa msusi, akamwambia, "Maumivu nitayavumilia, mwanangu. Ila usiniache nikawa sijui watu. Nikiondoka, niondoke nawajua."

Msusi akaahidi. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani kumwangalia mzee aliwaonya kwamba akili ya mgonjwa wa namna hii huteleza upesi, na ikiteleza huenda isirudi. Kinga yake haikuwa dawa ya bei wala uganga: mzee avae miwani yake na kile kimashine cha kusikia, anywe maji kidogo kidogo, mchana aone mwanga, usiku aachwe alale, wala asihamishwe ovyo. Ndiyo maana kitanda kiliwekwa sebuleni, dirishani, naye akawatania wapita njia kwa vichwa vyao vilivyonyolewa vibaya. Msusi alisukia barazani, sikio moja kwa mteja, jingine kwa baba.

Ndipo akaja shangazi, dada mkubwa wa Kinyozi, mwenye upendo mwingi na amri nyingi zaidi. Siku ambayo Msusi aliitwa kwenda kusuka nyumbani kwa mteja, shangazi alikitazama kitanda kile akaona haya. Mtu mzima alale mbele za watu, mate yakimtoka? Msusi aliporudi alimkuta baba yake chumba cha nyuma, pazia limeshushwa. Miwani na kimashine vilikuwa vimefungwa kwenye leso, vikatiwa kabatini visije vikavunjika. Maji alikuwa amepunguziwa, asilowanishe godoro wageni wakija.

Msusi alieleza maneno ya muuguzi. Shangazi akamjibu kwamba mdogo wake huyu alimbeba mgongoni kabla Msusi hajazaliwa, na mgonjwa anachohitaji ni kupumzika. Msusi akarudi barazani kwenye kazi yake. Alilelewa hivyo: mkubwa akisema, mdogo huitikia. Heshima ni kitu chema, lakini ipo heshima inayochimba kaburi, na hii ilikuwa imeshashika jembe.

Siku ya kwanza mzee aliuliza kila mara kama kumekucha. Siku ya pili hakuuliza. Alianza kupangusa shuka kwa kiganja, taratibu, kana kwamba anamwondolea mteja nywele mabegani, na kuuambia ukuta uinamishe kichwa. Shangazi akasema anaota tu. Msusi aliogopa, na bado hakuligusa pazia.

Mchana ule shangazi alipoingia kuoga, Msusi alimpigia muuguzi simu, kisha akaichukua leso kabatini. Akafungua pazia. Akamvisha baba yake miwani, akampachika kimashine sikioni, akamnywesha maji kwa kijiko. Akamwita, "Baba."

Kinyozi alimtazama usoni kwa muda mrefu, kwa adabu zote, kama mgeni aliyekaribishwa nyumba ya watu. Kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Msusi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee alikuwa bado ameinama, akingoja kuitikiwa, na wasiwasi ukaanza kumwingia usoni kwamba huenda amemkosea mwenyeji wake.

"Marahaba," akasema bintiye.