Mkwe Alipotoa Majani

Jirani yangu tunamwita Bibi Chapuchapu, na jina limemkaa. Msimu wa joto, wakati wenye akili zao wanajificha kivulini, yeye ndiyo kwanza anafunga kitambaa kichwani. Jumamosi hiyo, jua halijapata nguvu, alikuwa ameshafua mashuka, amefagia uani, amemwagilia bustani na kumsuka mjukuu wake nywele upande mmoja. Upande wa pili ulisubiri, maana sufuria ya maharage ilikuwa inafurika jikoni. Mjukuu, aliyeletwa kwa likizo na ambaye Bibi humwita mke mwenzangu, alishinda asubuhi nzima akiwa mrembo nusu.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua nikianika nguo zangu. Siyo umbea. Ua wetu ni mfupi, na masikio yangu ni mazima.

Haraka zote hizo zilikuwa na sababu. Binti yake, ambaye ni nesi, angekuja mchana akitoka zamu. Safari iliyopita alikuta miwani ya mama yake ndani ya friji, akasema waziwazi kwamba akikuta kioja kingine, mama atafungasha virago ahamie kwao ghorofani, ambako hakuna hata kopo la kupandia kitunguu. Bibi alinisimulia habari hiyo huku anacheka, lakini nilimwona akifuta macho kwa kiwiko. Nyumba ile aliijenga na marehemu mumewe, chumba baada ya chumba. Nyanya zile alizikuza mwenyewe tangu mbegu. Nami roho iliniuma, kwa sababu akiondoka huyo, nitagombana na nani?

Mkwe alitangulia kufika. Ni fundi simu, mpole, kazaliwa ghorofani akakulia huko huko, na mbele ya mama mkwe huwa hajui mikono aiweke wapi. Alisalimia akiangalia chini, akaomba apewe kazi. Bibi akamjibu kutoka dirisha la jikoni, mwiko mkononi, kwa heshima zote.

"Baba, kama hutachoka, nitolee majani kwenye nyanya."

Sisi tuliozoea jembe, tukiambiwa majani tunajua ni magugu. Mkwe alisikia majani. Akapiga magoti kwenye tuta, na kwa vidole vyake vilivyozoea skrubu ndogondogo akaanza kuchuma jani mojamoja, bila kuvunja hata kijiti, akiyapanga kwenye ndoo. Magugu aliyaruka kwa uangalifu mkubwa. Mimi nilikuwa nahangaika na vibanio. Nilipogeuka, nyanya zilikuwa zimesimama uchi, matunda mabichi yananing'inia kama hereni, na chini yake magugu yamestawi kweli kweli. Mkwe jasho linamtiririka, uso umejaa furaha ya mtu aliyetenda jema.

Bibi akatoka na glasi ya maji. Akaona. Mdomo ukafunguka, nami nikajiandaa, maana ulimi wake naujua. Lakini mkwe ni mkwe. Akameza alichotaka kusema, akamkabidhi maji, akamshukuru kwa kazi kubwa. Kisha akanitupia jicho juu ya ua, na nikaelewa kwamba nikithubutu kufungua kinywa, nisahau kuazima ngazi yake maisha yangu yote.

Mkwe akaingia bafuni kunawa. Hapo ndipo nesi akafika, sare yake nyeupe bado mwilini. Alipofika bustanini akasimama. Akamwita mama yake nje, akamuuliza taratibu, kwa sauti ile anayoongea na wagonjwa, nani kazifanya nyanya hivi. Bibi akatazama nyanya, akatazama mlango. Neno moja tu lingemwokoa. Lakini neno hilo lingemwaibisha kijana wa watu mbele ya mkewe, siku ambayo kajitolea mwenyewe.

"Ni mimi," akasema. "Niliona majani yamezidi."

Nesi akamshika mkono, machozi yakimlengalenga. Akasema mama amechoka, na leo hii hii watafungasha nguo chache. Bibi hakubisha. Mwanamke anayebishana na mimi hata juu ya namna ya kuanika soksi, alivua aproni akaikunja. Nilitaka kuruka ua.

Mkwe alikuwa ametoka anajifuta mikono, akasikia. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuangalia chini.

"Siyo mama, ni mimi," akasema. "Aliniambia nitoe majani, nikatoa. Nimekosea?"

Nesi akamtazama mumewe, akatazama ndoo, akatazama magugu. Kicheko kilianzia puani, kikamshinda, akaketi juu ya tuta na weupe wa sare yake. Mjukuu akatoka mbio, nusu ya nywele zimesimama, akacheka bila kujua sababu. Mimi nilicheka mpaka nikaangusha shuka safi mchangani.

"Na wewe mama ukakubali kuhama?" nesi akauliza, kicheko kimemkauka.

"Sasa ningemsemaje mkwe wangu?"

Nesi akamkumbatia, akaomba radhi mbele yetu sote, na habari ya ghorofani ikafa pale pale. Kuhusu miwani kwenye friji, Bibi alisema siku hiyo joto lilikuwa kali na fremu ni za chuma. Hakuna aliyemhoji zaidi. Mkwe akaahidi kuja kila Jumamosi mpaka nyanya zichipue tena.

Wakanikaribisha nami mezani, nikapitia mlangoni kama mtu mstaarabu. Baada ya kula, Bibi alirudi kwenye kichwa cha mjukuu. Mikono yake yote miwili ikiwa imezama nyweleni, akamwomba mkwe aangalie maji ya chai, na yakichemka atie majani.

Mkwe akasimama kwenye mlango wa jikoni, akatutazama mmoja mmoja.

"Mama," akauliza, "majani yapi?"